Tope la kuchorongea likigoma: dalili, sababu na dawa kwenye visima vya gesi vya kusini

Kijana wa matangini akikuita usiku kwenye redio, "Fundi, tope limekaza," mjibu kwa swali moja: umepima? Mara nyingi utasikia, "Bado, ila nimeshafungulia maji." Hapo tatizo moja limeshakuwa mawili. Tope la kuchorongea, yaani kimiminika kinachozungushwa kisimani kutoa chenga na kuizuia gesi, hukaza kwa saruji, kwa jasi, kwa chumvi, kwa gesi ya ukaa, au kwa chenga za mwamba zilizopita kwenye chekeche (wavu wa kuchujia tope linaporudi juu). Kila sababu ina dawa yake, na zipo dawa mbili ambazo ukizibadilishana unaongeza ugonjwa.

Maelezo haya ni ya mtu anayefanya kazi kwenye mtambo wa kuchoronga Mtwara au Lindi, au anayejiandaa kuingia huko: mtu wa matangi, msaidizi wa mhandisi wa tope, fundi aliyetoka chuo akiwa na cheti lakini hajakaa zamu.

Kwanza ujue umeshika tope gani

Tope la maji ndilo utakalolikuta sehemu za juu za kisima karibu kila mahali: maji, udongo wa bentonaiti wa kulipa mnato, baraiti ya kuongeza uzito, magadi makali ya kupandisha pH, na polima za kuzuia maji yasivuje kwenye mwamba. Likiongezwa potasiamu kloraidi, linakuwa tope la kutuliza udongo unaovimba. Tope la mafuta lina dizeli au mafuta yaliyosafishwa, na ndani yake kuna matone ya maji ya chumvi. Tope la sintetiki ni ndugu yake, ila mafuta yake yametengenezwa kiwandani ili yasiwe na sumu kali, ndiyo maana hupendwa baharini. Hewa na povu hutumika kwenye miamba migumu isiyo na shinikizo kubwa. Kwenye gesi ya kusini utakutana nayo kwa nadra.

Ukimwaga dawa ya tope la maji kwenye tope la mafuta umeharibu mali ya fedha nyingi. Soma ripoti ya zamu iliyopita kabla hujagusa mfuko.

Dalili isiyosubiri vipimo: tangi linajaa lenyewe

Ukiona tope linarudi kwa wingi kuliko linavyopelekwa, kiwango cha tangi kinapanda na hakuna aliyeongeza kitu, biti (kichwa kinachokata mwamba) imeanza kushuka kwa kasi ghafla, au pampu zimezimwa na kisima bado kinatiririka, chukulia kwamba gesi imeingia. Usianze kutafuta sababu nyingine. Mwambie mchorongaji. Yeye anainua bomba kutoka chini, anazima pampu, anaangalia kama kisima kinatiririka, kisha anafunga vali kubwa za usalama. Hahitaji kibali cha mtu kufunga, na wewe usimcheleweshe kwa kusema "labda ni tope la kwenye mabomba ya juu linashuka."

Upo udanganyifu mmoja unaojulikana. Mwamba wenye nyufa hunywa tope wakati pampu zinafanya kazi na kulitapika pampu zikizimwa. Unafanana sana na gesi. Hata hivyo, kufunga kwanza na kuthibitisha baadaye kunagharimu saa chache. Kinyume chake kinaweza kugharimu mtambo wote.

Wakati wa kuvuta mabomba dalili ni nyingine: kisima kinakubali tope pungufu kuliko ujazo wa chuma kilichotoka. Maana yake kuna kitu kimeingia chini kuziba pengo. Mabomba yamevutwa kwa haraka na yamenyonya gesi kama pistoni ya pampu.

Baada ya kisima kufungwa na shinikizo kusomwa ndipo kazi ya tope inaanza: kuongeza uzito. Hesabu yake usiifanye kwa kukadiria. Kila mita ya ujazo ya tope la uzito wa 1.20 (mara 1.20 ya maji) ukitaka liwe 1.25 inahitaji takriban kilo 71 za baraiti, kwa baraiti yenye uzito wa 4.2. Matangi ya mita 100 za ujazo ni tani 7 na zaidi kidogo. Jiulize kama zipo ghalani kabla hujaahidi. Barabara ya kutoka bandarini kwenda kwenye mtambo wakati wa masika si ya kutegemea.

Kwa nini tofauti ndogo kama hiyo ni kubwa? Shinikizo la tope kwa bari ni 0.0981 mara uzito mara kina cha wima kwa mita. Kwenye mita 2,000, tope la 1.20 linasukuma kwa bari 235. Likishuka hadi 1.15 ni bari 226. Zile bari karibu 10 zilizopotea ndizo zilizokuwa zinaizuia gesi.

Bentonaiti haitaki kuvimba

Hili ni tatizo la pwani yetu hasa. Umetia mifuko, umekoroga, na faneli ya mnato bado inasoma kama maji. Maji safi yenye nyuzi 21 hupita kwenye faneli ile kwa sekunde 26 kwa robo galoni, yaani mililita 946. Ukipata sekunde 28 au 29 baada ya saa nzima ya kukoroga, acha kutia mifuko.

Pima maji uliyotumia. Maji ya visima vifupi karibu na bahari, Msimbati au Kilwa, mengi yana chumvi, na bentonaiti kwenye maji ya chumvi haifunguki: inabaki vumbi linaloelea. Maji ya bahari yana kloraidi kama miligramu 19,000 kwa lita, na kalisi kama 400. Soda ashi (kaboneti ya sodiamu) itaondoa kalisi, lakini chumvi yenyewe haiguswi na soda ashi hata ukitia gunia zima. Tibu hivi: tafuta maji baridi hata kama ni ya boza, tia soda ashi kidogo, pandisha pH hadi kati ya 9 na 10 kwa magadi makali, kisha mwaga bentonaiti polepole na uiache ivimbe kwa saa kadhaa kwenye tangi lake. Ikishavimba ndipo uichanganye na maji ya chumvi. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako hata maji ya kunywa ni shida, hesabu ya maboza ifanywe kabla ya mtambo kufika. Kama maji baridi hayapo kabisa, achana na bentonaiti utumie polima ya zantani, au udongo wa atapulgaiti unaofanya kazi kwenye chumvi. Kumbuka tu kwamba atapulgaiti haizuii maji kuvuja.

Polima nazo zina ugomvi wao. Ukizimwaga kwa pupa zinajifunga madonge kama ugali wa mtu mwenye haraka: nje lami, ndani unga mkavu. Madonge hayo yanaishia kwenye chekeche, na wewe unaandika kwenye ripoti kwamba umetumia mifuko kumi wakati iliyoingia kisimani ni sita. Mfuko mmoja wa zantani umwagwe taratibu kwa nusu saa hivi.

Tope limekaza: saruji, jasi, chumvi, ukaa au chenga?

Anza na mashine ya kuzungusha, ile ya kupima mnato. Chukua usomaji wa mizunguko 600 kwa dakika na wa mizunguko 300. Ukitoa wa pili kwenye wa kwanza unapata mnato wa plastiki. Ukiutoa mnato huo kwenye usomaji wa 300 unapata nguvu ya kuanza kutiririka. Mfano: 600 inasoma 90, na 300 inasoma 52. Mnato wa plastiki ni 38, nguvu ya kutiririka ni 14. Hilo ni tope lililojaa chenga laini. Mfano mwingine: 80 na 55. Mnato wa plastiki ni 25 lakini nguvu ya kutiririka ni 30. Hapo chembe zinashikana kwa sababu ya kemia, na kuongeza maji kutapunguza dalili kwa saa mbili tu.

Kama ni chenga, usikimbilie dawa. Nenda kwenye chekeche. Shika taa, inama, angalia wavu kwa pembeni: tundu moja la ukubwa wa kidole gumba linatosha kurudisha tangini kila ulichochuja zamu nzima. Angalia pia kama uzito umepanda bila mtu kutia baraiti, maana hiyo ndiyo alama ya chenga. Badilisha wavu, washa mashine za kutenganisha mchanga na tope laini, kisha ndipo upunguze kwa tope jipya.

Kama ni kemia, chuja maji ya tope kwenye kichujio cha shinikizo na upime vitu vitatu: pH, kalisi na kloraidi.

Kalisi imepanda na pH imepaa kupita 11.5, na jana mlitoboa saruji chini ya kesingi (bomba la kushika kuta za kisima): ni saruji. Dawa yake ni bikaboneti ya sodiamu, na mtu makini huitia kabla ya kutoboa, sio baada ya tope kuwa zege.

Kalisi imepanda lakini pH imebaki palepale au imeshuka kidogo: ni jasi. Upande wa Kilwa hili lisikushangaze. Bonde la Mandawa lina tabaka nene za jasi na chumvi chini, na jasi ya Kilwa huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Dawa yake ni soda ashi. Ukitia soda ashi kwenye tope la saruji unaipandisha pH iliyokwishapaa, kwa hiyo kipimo cha pH ndicho kinachokuamulia mfuko upi uufungue. Tabaka la jasi likiwa nene mno, usishindane nalo. Geuza tope liwe la jasi tangu mwanzo, lenye kalisi iliyokusudiwa.

Kloraidi imeruka: umekutana na chumvi au maji ya chumvi yameingia kisimani. Kama kiwango cha tangi nacho kimepanda, rudi kwenye ile dalili isiyosubiri vipimo.

Sasa ile inayowachanganya wengi. Tope linaganda likitulia, halilegei hata ukitia dawa ya kulegeza, pH inashuka kila siku, na kalisi karibu haipo. Hiyo ni gesi ya ukaa au kaboneti zilizorundikana, mara nyingi kwa sababu mtu alitibu saruji kwa bikaboneti nyingi kupita kiasi. Inahitaji chokaa. Yaani unarudisha kalisi uliyoitoa. Mtu asiyepima anaona tope limekaza, anakumbuka kwamba mara ya mwisho bikaboneti ilisaidia, anatia tena, na asubuhi pampu haziwezi kulisukuma.

Tope linapungua

Kabla ya kusema kisima kinakunywa tope, toa hesabu ya shimo jipya. Kisima cha inchi 12¼ kinameza lita 76 kwa kila mita unayochoronga, na cha inchi 8½ lita 37 hivi. Ukishuka mita 20 kwenye kile kikubwa, lita 1,500 zimeenda pale zinapostahili. Kisha kagua vali za matangi, na angalia kama chekeche linamwaga tope pamoja na chenga.

Ukijiridhisha kwamba ni mwamba, tenganisha kwa kasi. Upotevu mdogo unaoendelea taratibu ni mchanga wenye vinyweleo. Kabonati ya kalisi iliyosagwa kwa saizi mbalimbali, ikichanganywa na tope lenyewe, huuziba, na ina faida ya kuyeyushwa kwa asidi baadaye kwenye tabaka la gesi. Upotevu wa ghafla ambao tope halirudi kabisa ni ufa au pango, na mawe ya chokaa ya pwani na visiwani yanayo. Hapo huhitaji unga, unahitaji mchanganyiko wa nyuzi, maganda yaliyopondwa na mika, na pengine saruji. Watu wa kusini huuliza kama maganda ya korosho yanafaa, maana yamejaa kila kijiji. Maganda yanayotumika kwa kawaida ni ya jozi. Ya korosho yana mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo yasimwagwe kwa mikono mitupu wala bila majaribio ya maabara.

Lipo kosa la kawaida kuliko yote: uzito wa tope ni mkubwa kuliko mwamba unavyoweza kubeba. Hakuna ganda litakaloziba ufa unaoutengeneza mwenyewe kila unapowasha pampu. Punguza uzito kama kisima kinaruhusu, punguza kasi ya pampu, teremsha mabomba polepole.

Uzito unashuka, au mizani inakudanganya

Mizani ya tope ni kifaa cha dakika moja, na ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Jaza kikombe, funga kifuniko mpaka tope kidogo litoke kwenye tundu la juu, futa nje vizuri, ndipo uweke kwenye egemeo. Tope lililoachwa juu ya kifuniko linaongeza uzito. Hewa iliyobaki ndani inaupunguza. Kila asubuhi ijaribu kwa maji safi: isome 1.00, au 8.33 kwa wale wa pauni kwa galoni.

Uzito ukishuka kwenye njia ya kurudia lakini matangini uko sawa, ni gesi iliyochanganyika. Inatisha kuiona, ila gesi hupanuka karibu na juu tu, na shinikizo la chini hupungua kidogo sana. Tumia kitoa gesi, angalia kipima gesi, na usimwage baraiti kwa hofu. Uzito ukishuka hata matangini na juu kuna mapovu, huenda ni povu la hewa, hasa kwenye tope la potasiamu au chumvi. Pampu zitaanza kugonga. Shusha midomo ya bunduki za kukorogea (mabomba yanayorusha tope kulikoroga) izame chini ya tope, tia dawa ya kuua povu, na pima kwa mizani ya shinikizo, siyo ile ya wazi. Dawa ya povu ukiizidisha nayo huleta povu.

Biti haili

Kasi imeanguka, shinikizo la pampu limepanda kidogo, na nguvu ya kuzungusha imeshuka badala ya kupanda. Kwenye chekeche hakuna chenga, au yanatoka mabonge ya udongo wa kunata. Biti imevikwa udongo. Udongo wa mfinyanzi wa pwani ya Kilwa na Lindi ni maarufu kwa wanajiolojia. Miaka ya 2000 walichukua humo sampuli za visukuku vilivyohifadhiwa vizuri ajabu, kwa sababu udongo wenyewe ni mzito na haupitishi maji. Sifa hiyohiyo ndiyo inayouziba uso wa biti. Inua biti, izungushe kwa kasi huku ukisukuma tope jingi, na piga dozi ya sabuni ya kuchorongea. Kwa kudumu, kagua kiwango cha potasiamu na polima ya kufunika chenga. Kikishuka wakati unachoronga, udongo unakinywa.

Bomba limenasa

Uliza jambo moja: tope linazunguka au halizunguki?

Likiwa linazunguka vizuri, na bomba lilinasa wakati limetulia, limebandikwa ukutani na shinikizo. Tope ni zito kuliko tabaka lenye vinyweleo, na utando wa tope ulioganda ukutani ni mnene. Nguvu yake watu huidharau: tofauti ya bari 30 kwenye ukanda wa mita 10 wenye upana wa sentimita 5 inalibana bomba kwa tani 150 hivi. Shusha uzito kama ni salama, lowesha kwa dozi ya kulainisha, na harakisha, maana utando unaongezeka kila saa. Kisha pima uvujaji wa maji ya tope kwa dakika 30, bila hivyo litanasa tena palepale.

Likiwa halizunguki au linazunguka kwa shida, chenga zimejazana. Usivute kwa nguvu. Shusha, zungusha, rudisha mzunguko kidogokidogo.

Tope la mafuta, na bahari ya kina

Kwa tope la mafuta na la sintetiki, kipimo cha kwanza ni uimara wa mchanganyiko kwa volti. Volti zikishuka na baraiti ikaanza kujikusanya kwenye chekeche ikiwa imelowa maji, aidha maji yameingia kisimani au dawa ya kuunganisha imeisha. Pima uwiano wa mafuta na maji. Ukibadilika, ni maji yameingia. Usipobadilika, ongeza dawa na chokaa. Kwenye kisima kilicholala, baraiti pia huzama upande wa chini: mzunguko wa kwanza baada ya kushusha mabomba huleta tope jepesi, kisha zito ghafla. Ongeza mnato wa kasi ndogo, siyo uzito.

Kisima cha Zafarani, kilichochorongwa mwaka 2012 kwenye kitalu namba 2, kilikuwa kwenye maji ya kina cha takriban mita 2,500. Kina hicho baridi ya chini ya bahari ni nyuzi chache tu, na tope hukaza kwenye bomba la kupandia (linalotoka sakafu ya bahari hadi chomboni) hata kama kisima chenyewe kina joto. Gesi ikikutana na maji kwenye baridi na shinikizo hilo hutengeneza barafu ya gesi inayoziba mabomba ya vali za usalama. Kinga yake ni chumvi nyingi au glikoli kwenye tope la maji, na kuiacha glikoli kwenye mabomba hayo kila kazi inaposimama.

Harufu mbaya tangini

Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani karibu yote, haina salfa ya kusumbua. Kwa hiyo tope la wanga linalonuka kwenye joto la Mtwara mara nyingi limeoza: pH imeshuka na maji yanavuja zaidi. Tia dawa ya kuua vijidudu na pandisha pH. Lakini kipima gesi kiangaliwe kabla ya pua. Gesi ya salfa hupofusha pua mapema, na anayesema "sasa sisikii tena" yuko hatarini zaidi.

Shimo la taka linajaa mapema

Hili huwa la mwisho kwenye ripoti, ila chanzo chake ni kule kwenye chekeche. Kila mita moja ya ujazo ya chenga laini inayobaki kwenye tope, ukitaka zisipite asilimia 5, inadai kama mita 19 za ujazo za tope jipya la kuipunguza, na karibu kiasi hichohicho kinaishia kwenye shimo la taka. Msimbati, ambako visima viko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, shimo likifurika mvua ikinyesha hakuna pa kulipeleka ila kwenye mikoko. Badilisha wavu leo.